Pattaya usiku kwa macho ya mwenye grosari wa Mwanza: wapi panalipa, wapi wanakukamua

Siku hizi watu wa huku kwetu wanaofuata mzigo Bangkok wameongezeka, nguo za soko la Pratunam, nywele, vipodozi, na mtu akimaliza kufunga mizigo anabaki na usiku mmoja mbili kabla ya ndege, basi swali linakuwa lile lile, vipi Pattaya, tuende au hela itaishia njiani? Nimeulizwa Makoroboi, nimeulizwa saluni nikiwa na dawa kichwani, nimeulizwa mpaka kwenye kivuko cha Kamanga na dada ambaye hata simjui vizuri. Naandika hapa kwa urefu ili nikiulizwa tena namtumia mtu asome mwenyewe.

Nijitambulishe kidogo ili ujue maoni yanatoka wapi. Nina duka la nguo na nina kagrosari kangu ka bia Nyakato, kwa hiyo mi baa siingii kama mteja wa kawaida, nikikaa kaunta macho yanaenda kwenye friji, yanaenda kwenye bili, yanaangalia wahudumu wanavyogawana meza na nani anashika funguo. Ukitaka mtu wa kukusimulia madisko na mizinga ya laki tano tafuta mwingine. Nilikuwa na shoga yangu wa Bukoba na mdogo wangu wa kiume aliyekuja kubeba mizigo, yeye ana maoni yake tofauti kabisa na yangu lakini hajaombwa kuandika.

Pattaya iko mkoa wa Chonburi, kama kilomita 150 kusini mashariki mwa Bangkok, basi unapandia kituo cha Ekkamai, masaa mawili hivi, foleni ikikaa vibaya ni zaidi, nauli baht mia na kitu. Baht moja we piga shilingi 80 usiumize kichwa, mia ni elfu nane, elfu ni elfu themanini. Shilingi yetu huko haina kazi, beba dola noti kubwa safi zisizo na mkunjo, na usibadili zote uwanja wa ndege, vibanda vya kubadilishia vya mjini bei yake ni nzuri zaidi. Viza Watanzania tunaombea kabla ya safari, na kadi ya njano ya chanjo usiisahau, wanaiulizia kweli.

Zamani Pattaya palikuwa kijiji cha wavuvi, mitumbwi na nyavu, ungepafananisha na Igombe. Mwaka 1959 kundi la wanajeshi wa Kimarekani waliokuwa Nakhon Ratchasima walikuja kupumzika ufukweni, afu vita ya Vietnam ikapamba moto, Wamarekani wakawa na kambi ya ndege U-Tapao kusini kidogo ya hapo, vijana wenye mishahara na hofu ya kufa wakawa wanamiminika wikiendi, baa zikaota kila kona. Hadi 1976 wanajeshi walikuwa wameshaondoka Thailand ila baa hazikuondoka nao, zikageukia watalii, kwanza wazungu wa Ulaya, baadaye Warusi, Wachina, Wahindi. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini mji mzima umepangwa kama kaunta moja ndefu inayoangalia bahari.

Usafiri wa ndani ni pikapu zenye benchi mbili nyuma, zinazunguka Beach Road na Second Road usiku kucha. Konda hakuna. Unaingia kimya, ukifika unabonyeza kengele iliyoko juu ya kichwa, unashuka unaenda dirishani unampa dereva sarafu ya baht 10, umemaliza. Shida inaanza ukiuliza bei, ukishauliza tu "mpaka mahali fulani shilingi ngapi" umeshageuka abiria wa kukodi, utaambiwa mia mbili bila aibu. Kwa hiyo usiulize, panda kama mwenyeji. Gari lenyewe likiwa limesimama tupu dereva yuko chini anakuita "taksi taksi", hilo liache.

Sasa tuanze na Walking Street maana ndiyo inayotajwa na kila mtu. Ni barabara moja tu kusini mwa mji, inaanzia Beach Road inapoishia mpaka karibu na gati la Bali Hai, ukitembea bila kusimama unaimaliza upesi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni magari hayaruhusiwi kupita, ila kabla ya saa nne usiku usijisumbue kwenda, utakuta wanafagia. Taa ni nyingi mpaka macho yanauma, kila mlango una mziki wake na kila mziki unashindana na wa jirani, kuna madisko ya Wahindi, kuna ya Warusi, kuna bendi za laivu ambazo wanamuziki wake wengi ni Wafilipino na hao kwa kweli wanajua kazi, tulisimama nje ya baa moja tukasikiliza nyimbo nne za bure kabla mtu hajaja kutuuliza tunakunywa nini. Upande wa baharini kuna migahawa ya samaki imejengwa juu ya nguzo, kamba wakubwa wako hai kwenye matangi, unachagua wanapima. Pazuri kupaangalia, bei ni za mtalii wa wiki moja asiyerudi.

Bia ile ile ya Chang au Leo ambayo mitaa ya ndani ni baht 80, Walking Street ni 150 mpaka 200. Yani elfu kumi na mbili mpaka kumi na sita, kwa chupa ndogo ambayo haifiki hata ukubwa wa Balimi. Nikawaza kreti zangu Nyakato nikanyamaza.

Halafu kuna wapiga debe. Hawa wanasimama katikati ya njia na makadi yamelaminetiwa, bei zimeandikwa kwa wino mkubwa. Mmoja alitushika, bia baht 100, tukamuuliza kiingilio, akasema hamna, mdogo wangu akamuuliza tena kwa vidole, akatikisa kichwa hamna. Tumeingia, tumekunywa moja moja, bili inakuja ina bia tatu kwa 100 kama tulivyoambiwa na chini yake mstari mwingine, "mziki", baht 200 kwa kila kichwa. Mi sikubishana na mhudumu, masikini hana kosa, nikamwambia niitie meneja na yule kijana wa kadi aje nayo hapa mezani. Meneja akaja anatabasamu, nikaweka baht 300 juu ya meza nikafungua simu nikaonyesha namba 1155, hiyo ni polisi wa watalii, ihifadhi kabla hujatoka hotelini. Mstari wa mziki ukafutwa kwa kalamu. Baa siitaji, zinafanana sana na zinabadilisha majina, ila ukiitwa "njoo juu ghorofani kuna shoo ya bure" we endelea kutembea, za ghorofani ndio mbaya zaidi.

Walking Street basi ni ya kupita mara moja, umeona, umepiga selfi, umeondoka.

Starehe yenyewe ya Pattaya kwa mtu wa kipato chetu iko Soi Buakhao na vichochoro vyake. Hii ni barabara ya ndani, nyuma ya Second Road, haina bahari, haina taa za ajabu, baa zake ziko wazi pande tatu hazina mlango wala ukuta, paa tu na kaunta ya mviringo na viti virefu na feni zinazunguka. Ipo sehemu inaitwa Tree Town, uwanja wenye baa nyingi zimezungukana, na pembeni vibanda vya chakula, unanunua chakula kwa huyu unakula ukiwa umekaa kwa yule na hakuna anayenuna. Jirani kuna kichochoro cha LK Metro nacho hivyo hivyo ila kimebanana zaidi. Wateja wengi ni wazee wa Kizungu waliostaafu, wamevaa kaptula na ndala, wanajua majina ya wahudumu wote, wanacheza pool na wanakunywa taratibu kweli kweli. Wakorofi wachache sana. Mwanamke ukikaa peke yako hakuna anayekusumbua, na hili nalisema kama mtu ambaye kwetu akikaa baa peke yake dakika kumi anaulizwa anamsubiri nani.

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni bia yenyewe. Kwetu mhudumu anakuuliza moto au baridi, kule hilo swali halipo kabisa, bia inatoka kwenye barafu inavishwa kisoksi cha sponji ili mkono wako usiipashe joto, na ukipenda wanakuletea glasi ya barafu umimine humo humo. Nilidhani ni kuharibu bia. Joto la pale saa tatu usiku limekaa kama mchana, hakuna upepo wa ziwa kukuokoa, baada ya nusu saa na mi nikaomba barafu.

Cha pili, na hapa ndio roho yangu ya biashara ilipoamka, ni kikombe cha bili. Ukikaa tu unawekewa mbele yako kikombe kidogo, kingine cha mbao kingine cha plastiki, kila unachoagiza mhudumu anaandika karatasi anaikunja anaitumbukiza humo. Kikombe ni chako, kiko mbele ya macho yako, saa yoyote unakunjua unahesabu. Ukitaka kuondoka unazungusha kidole hewani unasema "chek bin", wanajumlisha mbele yako, unalipa, wanachana. Ukihama kiti kikombe kinahama na wewe. Hebu fikiria sisi, tunaacha chupa tupu mezani kama ushahidi mpaka meza haina pa kuweka kiwiko, mtu akihamia kwa rafiki yake chupa zinachanganyika, saa tano usiku vita, "mi nimekunywa nne", "dada umekunywa sita", mhudumu anakatwa mshahara kwa bia za mtu mwingine. Nimekaa pale naangalia hivyo vikombe roho inaniuma.

Nimeshavileta Nyakato, msiulize. Wiki ya kwanza wateja waliweka vijiti vya meno na vizibo, mzee mmoja akaweka vocha ya simu. Sasa wamezoea na ugomvi wa bili umepungua sana.

Kuna kengele pia. Juu ya kaunta inaning'inia kengele ya shaba yenye kamba, wageni wasiojua wanadhani ni pambo. Ukiivuta umenunua raundi, baa nyingine ni kwa wahudumu wote, nyingine ni kila aliyekaa kaunta, na kwa kelele inayopigwa hapo huwezi kurudi nyuma hata ukitaka. Tuliona babu mmoja ana birthday yake akavuta, basi wadada wakatoka jikoni, wakatoka chooni, wakatoka hadi baa ya jirani nadhani, kikombe chake kikajaa karatasi mpaka zikawa zinamwagika akapewa kikombe cha pili. Babu anacheka. Kwetu kengele hatuna ila wachimbaji tunao, kijana akitoka Geita duara lake la dhahabu limetema anasimama katikati ya baa anasema "fungeni mlango, wote kwangu", ni jambo lile lile, tofauti kule limewekewa kamba ili hata asiye mchimbaji aweze kujiumiza.

Sasa lile mnalotaka kuuliza mnaogopa.

Wahudumu wa hizo baa kazi yao kubwa ni kukaa na mteja. Wanakusalimia, wanacheza na wewe kitu kama dama, zile sahani za plastiki za kupanga nne kwa mstari, na usicheze kwa hela, watakufilisi, dada aliyekaa na sisi alinifunga huku anaangalia simu yake. Ukifurahi unamnunulia kinywaji, hicho kina bei yake ya juu, kilikuwa baht 180, kiglasi kadogo ka rangi ya waridi ambako mi nadhani ni juisi tu, na karibu nusu ya hiyo hela ni ya kwake. Bia yako baht 80, kiglasi chake 180. Tulimnunulia viwili tukaongea kwa simu, unaandika Kiingereza inatoka Kithai. Anatoka Buriram, upande wa kaskazini mashariki wanaouita Isaan, wanakolima mpunga, mtoto yuko kwa bibi, anatuma hela kila mwezi. Mshahara wa baa ni mdogo, anaishi kwa vile viglasi, na baa nyingi zina idadi ya viglasi ambayo mhudumu lazima afikishe kwa mwezi, asipofikisha anakatwa. Nikamuuliza akiumwa je? Akacheka, akapanga dama upya.

Na ipo hela nyingine ambayo mteja anailipa baa ili mhudumu atoke kabla ya muda wa kufunga. Baada ya hapo ni makubaliano yao wawili. Sheria ya Thailand ya mwaka 1996 inakataza biashara ya ngono waziwazi, na hapo hapo mtaa mzima kama Soi 6 unaishi kwa biashara hiyo hiyo mchana kweupe, polisi wanapita na pikipiki. Mi si mchungaji wa mtu. Lakini naajiri, nina wasichana wanne, na kama mwajiri ile hela ndio iliyonikaa vibaya kuliko yote niliyoona Pattaya, kwamba mhudumu akiondoka na mtu mwenye baa anaingiza. Yani umeweka bei mlangoni ya mfanyakazi wako kutoka. Uchangamfu wao ni wa kweli kiasi gani sijui niseme, yule dada alitukumbuka kesho yake, akakumbuka na kwamba shoga yangu hali pilipili, lakini kila dakika aliyokaa na sisi kulikuwa na mtu kaunta anaangalia kama kiglasi kimeisha. Ukishaiona hiyo huwezi kuacha kuiona.

Kwa wadada wa kwetu, na hapa nasema kwa ukali kidogo. Kiswahili nilikisikia Pattaya, cha Nairobi na cha mpakani, na si wote walikuwa watalii. Mtu akikwambia ana kazi ya hoteli au baa Thailand, nenda na viza ya utalii utabadilisha ukifika, kataa hapo hapo. Viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi, ukikamatwa ni wewe siyo yeye, na kuna Wakenya wengi walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta wamevushwa usiku mpaka Myanmar, wamefungiwa kwenye majengo wanalazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Serikali ya kwao ilihangaika kuwatoa. Hii haina uhusiano na bia ila siwezi kuandika kuhusu Pattaya nikaruka.

Tuje kwenye chakula, hapa ndio nilipapenda zaidi kuliko nilivyotegemea.

Mbele ya vibanda vya Tree Town na barabarani kote Soi Buakhao utaona jiko la mkaa na samaki weupe wamepangwa kama wamepakwa chokaa. Shoga yangu ndiye aliyemtambua, akainama akamwangalia mkia, akasema, "We, huyu si sato?" Ni sato kabisa. Wanamwacha na magamba yake, wanamtoa matumbo kwa mdomoni, wanamshindilia mashina ya mchaichai, afu wanamsiliba chumvi nene mwili mzima na kumweka juu ya mkaa wa taratibu. Chumvi inakauka inakuwa ganda. Akiiva muuzaji anachana ubavuni kwa kisu, ngozi na magamba na chumvi vinafunguka pamoja kama jaketi lenye zipu, ndani nyama nyeupe inatoa mvuke wa mchaichai, na ajabu haijakolea chumvi kupita kiasi. Unapewa majani ya saladi, tambi za mchele, na bakuli la ndimu, kitunguu saumu na pilipili ya kijani ambayo ni ya kuheshimiwa. Unafunga kwenye jani unatumbukiza mdomoni. Baht 150 hadi 200 samaki mzima, tumekula watu watatu.

Na huyu sato ana historia, si wa kwao. Mwaka 1965 Akihito, wakati huo mrithi wa ufalme wa Japani, alimpelekea mfalme Bhumibol wa Thailand sato 50, mfalme akawafuga kwenye bwawa la ikulu, mwaka uliofuata vifaranga vikaanza kugawiwa kwa watu wafuge, na leo ndiye samaki wa maji baridi anayeuzwa kila soko la nchi ile. Tusijivune sana pia, hata huku ziwani sato huyu aliletwa miaka ya 1950, wa asili ni ngege. Hukumu yangu: kwa upikaji wametushinda, kwa samaki mwenyewe tumewashinda. Nyama ya sato wa bwawa ni laini mno, inakubali kila kiungo kwa sababu yenyewe haina la kusema. Mchukue sato wa Mwaloni Kirumba wa leo asubuhi, mpake ile chumvi yao, mtie mchaichai, hapo utaniita.

Kingine ni mkokoteni wa wadudu. Nyenje, panzi, viwavi vya mianzi vyeupe, mabuu ya hariri, vimekaangwa vinang'aa, mama anavipulizia mchuzi wa soya kwa chupa ya kupulizia na kunyunyuzia pilipili manga. Ana kibao kimeandikwa picha baht 10, maana wazungu wanapiga picha hawanunui. Mtu wa Bukoba unadhani alifanyaje? Alinunua panzi na nyenje, akasimama barabarani anatafuna huku watalii wanampiga picha yeye, alitakiwa na yeye awatoze. Akamaliza pakiti akasema, "Hawa wameogeshwa mafuta. Senene anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, hamuazimi mtu." Hajarudia. Mi viwavi vya mianzi nilivipenda, vina ladha ya bisi.

Kama mko na watu wazima wasiopenda baa, kuna shoo. Tiffany's ipo tangu 1974, ukumbi mkubwa wenye viti vya velveti, wachezaji ni wale waliozaliwa wanaume wakaishi kama wanawake, mavazi ya manyoya na almasi bandia, nyimbo za Kichina, za Kikorea, za Kihindi, kila kundi la watalii linapigiwa ya kwao isipokuwa sisi. Saa moja na robo hivi, imepangwa vizuri, taa na jukwaa ni kazi ya wataalamu. Tiketi mlangoni ni ghali, vibanda vya mawakala mtaani wanauza pungufu. Ukitoka wachezaji wako nje wanakualika picha, picha ni ya kulipia, beba noti ndogo. Mdogo wangu alikaa kimya njia nzima kurudi hotelini.

Mambo ya sheria haraka haraka. Umri wa kunywa kule ni miaka 20, siyo 18. Baa kwa kawaida mwisho saa nane usiku, tangu Desemba 2023 sehemu za starehe zenye leseni kwenye mikoa ya watalii, Chonburi ikiwemo, zinaruhusiwa mpaka saa kumi alfajiri. Sikukuu kubwa za Kibudha pombe inabanwa, baa nyingine zinafungwa, kwa hiyo angalia kalenda kabla hujakata basi. Sigara za umeme ni marufuku nchi nzima, usibebe hata moja kwenye begi. Bangi waliiachia 2022 maduka yakajaa majani ya kijani kila mtaa, kuanzia katikati ya 2025 inataka cheti cha daktari, na we una ndege ya kurudi Tanzania, achana nayo. Noti zao zina picha ya mfalme, ikidondoka usiikanyage kuizuia isipeperuke, na masuala ya mfalme usiyafanyie utani ukilewa, wanafunga watu kweli. Pikipiki za kukodi wanataka ushikize pasipoti, usishikize.

Kwa hesabu ya jioni moja Soi Buakhao, bia tatu, nusu ya samaki, viglasi viwili vya kumnunulia mtu na pikapu kwenda na kurudi, haizidi baht 800, elfu sitini na nne. Walking Street hiyo hiyo inaisha kabla hujakaa vizuri. Kulala, Jomtien upande wa kusini ni kimya na nafuu kuliko katikati, soko la usiku liko karibu na ufukwe na pikapu zinafika. Wakati mzuri ni Novemba hadi Februari, bei zinapanda lakini angalau kuna kaubaridi, Septemba na Oktoba mvua zikipiga Beach Road inageuka mto na utakunywa bia yako umepandisha miguu kwenye kiti.

Alama zangu: Soi Buakhao na Tree Town nane kwa kumi, mbili nimekata kwa ile hela ya mlangoni. Walking Street nne, na hizo nne ni za bendi za Wafilipino. Shoo ya Tiffany's saba. Samaki wa chumvi tisa kwa mpishi, tano kwa samaki.

Ukienda Tree Town Jumamosi wahi, ikishafika saa tatu viti vyote vya chini ya feni vimekaliwa na wazee na hawanyanyuki mpaka wanafunga.